Mgeni asiyelala Chienge

*Ziwa Mweru lina fukwe, maporomoko ya jirani na historia ya kusimulia wiki nzima. Watu hufika kila siku, hutoa fedha na kuondoka kabla ya giza. Utalii utakuwaje injini ya uchumi mahali ambapo mgeni halali?*

Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukweni Kashikishi, pale wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, utadhani kuna mji uliojengwa katikati ya maji. Taa zinametameta mstari baada ya mstari mpaka macho yanachoka. Chini yake wako wavuvi wa chisense, dagaa wadogo wa Ziwa Mweru ambao huifuata taa kama kumbikumbi. Mwezi ukiwa mpevu mji huo hutoweka, kwa kuwa dagaa hawana tena sababu ya kukusanyika penye taa.

Alfajiri mitumbwi hugota mchangani. Kina mama hupokea beseni kwa beseni, wakamwaga na kutandaza. Jua likishapanda, ufuo unang'aa kama fedha, na kwa kweli ni fedha: kinachokauka pale kitajazwa magunia, kitapandishwa malori na kuuzwa Mansa, Kitwe, Ndola, hata Lubumbashi ng'ambo ya mpaka.

Mfanyabiashara aliyekuja kununua magunia hayo ametembea mamia ya kilomita. Analala wapi? Mara nyingi juu ya mzigo wake, au kwenye kiti cha mbele cha lori, au kwenye gesti ya vyumba vichache ambako bafu ni la wote. Wengine hawalali kabisa. Mzigo ukishafungwa kamba, lori linaondoka, na fedha ambayo ingeweza kununua chakula cha jioni, chumba, chai ya asubuhi na zawadi ya watoto inaondoka nalo.

Kaskazini zaidi, kwenye wilaya ya Chienge, hali ni ileile, na wapitao ni wachache zaidi. Mji huo mdogo umekaa chini ya vilima vyenye miti, kwenye kona ya kaskazini mashariki ya ziwa. Jioni jua huzama majini, upande wa Congo. Kwingineko, Afrika Mashariki, machweo kama hayo huuzwa kwa dola. Hapa ni bure, na hakuna anayekaa kuyatazama.

Kutoka shaba hadi mandhari

Serikali ya Zambia imekuwa ikisema kwa miaka mingi kwamba nchi haiwezi kuishi kwa shaba peke yake. Mwaka 2020 msemo huo ulipata uzito mpya: mwezi Novemba nchi ilishindwa kulipa riba ya hati zake za mkopo wa nje. Mpango wa Nane wa Maendeleo, wa mwaka 2022 hadi 2026, unautaja utalii pamoja na kilimo, madini na viwanda kuwa nguzo za kukuza uchumi.

Takwimu za kitaifa zinatia moyo. Mwaka 2019, kabla ya korona, wageni wa kimataifa waliofika Zambia walikuwa takribani milioni 1.27. Mwaka 2024 walifikia karibu milioni 2.2. Tangu Novemba 2022 raia wa nchi nyingi tajiri, zikiwamo Marekani, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, wanaingia bila viza.

Wengi wa wageni hao wanaokuja kutalii hushuka Livingstone kutazama Maporomoko ya Victoria, au huruka hadi bonde la Luangwa kutazama chui. Kaskazini inabaki kwenye hotuba. Huko kunaitwa ukanda wa utalii wa kaskazini, na tangu enzi za Rais Levy Mwanawasa na Rupiah Banda kumekuwa na mipango ya kuufufua, ikianzia Kasaba Bay kwenye Ziwa Tanganyika, mahali ambapo rais wa kwanza, Kenneth Kaunda, alipenda kupumzika. Mwaka 2017 mkoa wa Luapula uliandaa maonyesho yake ya uwekezaji pale Mansa. Vipeperushi vilijaa picha za maji yanayoporomoka.

Picha hazikudanganya. Kwenye Mto Kalungwishi, ambao humwaga maji yake Ziwa Mweru, kuna Lumangwe: ukuta wa maji wenye kimo cha meta 30 na zaidi na upana unaozidi meta 100. Anayeyaona kwa mara ya kwanza hudhani ni Victoria iliyopunguzwa. Kilomita chache chini yake kuna Kabwelume, ambako maji hushuka kwa mzunguko kama pazia lililokunjwa. Masimulizi ya wenyeji yanasema Lumangwe ni jina la joka kuu, roho iliyojinyoosha kutoka poromoko la kwanza hadi la pili.

Kando ya mto huohuo iko Hifadhi ya Taifa ya Lusenga Plain. Mashariki ya Chienge, nyuma ya vilima, kuna Hifadhi ya Mweru Wantipa yenye kilomita za mraba 3,134. Zote mbili zilitangazwa mwaka 1972, na zote mbili zilikaa miaka mingi bila ulinzi wa maana hadi wanyama wakapungua vibaya. Mweru Wantipa, yaani Mweru ya matope, iliwahi kusifika kwa tembo, faru na mamba. Iliwahi kuogopwa pia: nzige wekundu walioteketeza mashamba ya nusu ya bara katika miaka ya 1930 walitoka kwenye tope hilo na lile la Rukwa, kwetu Tanzania.

> Kwingineko, Afrika Mashariki, machweo kama haya huuzwa kwa dola. Chienge ni bure, na hakuna anayekaa kuyatazama.

Waliopita zamani

Ziwa Mweru halijawahi kukosa wageni. Kwa karne nzima ya 19 lilikuwa njia panda ya pembe, shaba, chumvi na watumwa. Wafanyabiashara wa pwani waliokwenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula, walikuja na Kiswahili chao kabla Mzungu wa kwanza hajaliona ziwa. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alimshinda chifu Nsama wa Itawa, mashariki ya ziwa, na pembe alizozipata huko ndizo zilizomtajirisha. Miezi michache baadaye, tarehe 8 Novemba 1867, David Livingstone alifika ufukweni. Hakuja peke yake porini kama vitabu vya shule vilivyotuaminisha. Alikuwa amefuatana na msafara wa hao wafanyabiashara.

Ziwani humo kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, na ng'ambo yake, upande wa Congo, kuna mji wenye jina hilohilo. Mtu wa Lindi atasimama kidogo akilisikia. Mwishoni mwa karne ya 19 kisiwa hicho kilitawaliwa na mfanyabiashara wa watumwa aliyejulikana kwa jina la Simba.

Waingereza walifika baadaye. Alfred Sharpe alipita mwaka 1890, na mwaka uliofuata boma la kwanza la Kiingereza katika eneo lile likajengwa kwenye kijito cha Chienge. Lilipewa jina la Rhodesia. Ramani za zamani zinalionyesha hivyo: nukta moja tu kwenye kona ya ziwa, ikibeba jina ambalo baadaye lingefunika nchi mbili. Sijui mji mwingine mdogo wenye kisa kama hicho ambao haujakitengenezea hata kibao.

Mwaka 1909 Chienge ilipata umaarufu wa aina nyingine, wa simba mla watu mwenye manyoya meupe na mkia uliokatika. Walimpa jina la utani la Charlie. Wenzetu wa Tsavo walipata simba wawili mwaka 1898, na mpaka leo wanakula kupitia simba hao: kuna vitabu, filamu, na wageni wanaopigwa picha darajani. Simba wa Chienge amebaki hadithi ya wazee.

Kuna kisa kingine ambacho kila mtu wa Luapula anakijua. Nkuba, chifu wa Washila waliokuwa wenye ziwa, alimuua mtoto wa dada yake, Nachituti. Kwa uchungu Nachituti akaenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Alipolipiziwa akatoa zawadi ya shukrani: kapu la udongo na chungu cha maji. Udongo ulikuwa nchi. Maji yalikuwa ziwa. Kwa kapu na chungu hicho Walunda wanaeleza mpaka leo kwa nini bonde ni lao, na Washila wanaeleza kwa nini samaki ni wao.

Nakikumbusha kisa hiki kwa sababu mwekezaji anayefika Mansa na mchoro wa hoteli hudhani anaingia kwenye ardhi tupu.

Somo la mpumbu

Kabla ya chisense palikuwa na mpumbu. Samaki huyo mnene alipanda Mto Luapula kwa makundi wakati wa mvua kwenda kutaga, na migodi ya Katanga na Copperbelt ilikuwa na wanaume maelfu wa kulishwa. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka kambi Kasenga, upande wa Wabelgiji, wakanunua kila kilichovuliwa na kukipeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Nyavu zikatandazwa mtoni kuvuka njia ya samaki wenye mayai. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpumbu walikuwa wamekwisha kama zao la biashara.

Wagiriki walihama na fedha yao. Waliobaki walianza na pale, yaani perege wa Mweru, na pale alipopungua wakageukia chisense ambao zamani hakuna aliyewahesabu kuwa samaki wa kuuza. Shaba nayo imepita hapa: mwanzoni mwa karne hii madini ya mgodi wa Dikulushi yalivushwa kwa tishari kutoka Kilwa ya Congo hadi Nchelenge, yakaendelea na safari ya barabara kuelekea bandari za mbali.

Kila mara mambo ni yaleyale. Kitu kinatoka, mji unabaki kuwa mahali pa kupakilia. Watetezi wa utalii wanasema huu utavunja mzunguko huo kwa kuwa mandhari hayasafirishwi. Anayeyataka lazima aje. Hoja ni nzuri, ila ina tundu. Mandhari hayasafirishwi, lakini fedha ya mandhari husafiri kwa urahisi kuliko gunia la dagaa.

Zanzibar inalijua tundu hilo. Mwaka 2024 ilipokea wageni zaidi ya 736,000, ilhali wakazi wake kwa sensa ya 2022 hawafiki milioni 1.9. Utalii unachangia zaidi ya robo ya pato lake. Hata hivyo mtu akienda nyuma ya hoteli za pwani ya mashariki atakuta malori yakishusha mboga, nyama na hata mayai kutoka bara na ng'ambo, wakati mkulima wa kijijini anauza muhogo kando ya barabara. Mgeni analala kisiwani. Fedha ya chumba mara nyingi imeshalipwa Ulaya kabla hajapanda ndege.

> Mandhari hayasafirishwi. Fedha ya mandhari husafiri kwa urahisi kuliko gunia la dagaa.

Mgeni ni nani?

Hapa ndipo ninapotofautiana na vipeperushi. Mtalii anayechorwa humo amevaa kofia ya jua na kamera shingoni. Kutoka Lusaka hadi Chienge ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, kupitia Serenje, Samfya, Mansa na bonde zima la Luapula. Mwenye siku kumi za likizo na tiketi kutoka London atazigawa kati ya Livingstone na Luangwa, na hakuna hotuba itakayombadilisha.

Lakini ramani ikigeuzwa, mambo ni mengine. Ukipima moja kwa moja, Lubumbashi iko karibu na Nchelenge kuliko Lusaka. Ni jiji la mamilioni ya watu, lenye tabaka la wenye fedha za migodi. Kitwe na Ndola nazo zimesogea tangu mwaka 2008, daraja la Chembe lilipofunguliwa kwenye Mto Luapula na kufuta foleni ya kivuko. Anayetoka Copperbelt hukata kipande cha ardhi ya Congo na kutokea Mansa.

Wageni wa Zambia wenyewe wanathibitisha hilo. Wengi wa wale milioni mbili na ushei ni Waafrika, hasa kutoka Zimbabwe, Tanzania, Congo na Afrika Kusini. Wanakuja kwa biashara, misiba, harusi, makanisa na ndugu. Kwenye hesabu wanaitwa watalii. Kwenye mipango wanasahauliwa.

Mfano mzuri uko Mwansabombwe, mwendo wa gari kusini ya Nchelenge. Kila mwisho wa Julai Walunda hufanya Mutomboko, sherehe ya ushindi inayokumbuka safari yao kutoka Congo. Mwata Kazembe hubebwa kwenye machela, kisha hucheza peke yake mbele ya umati akiwa na shoka na upanga. Maelfu hufika, wengi wakiwa Wazambia na Wacongo wenye asili ya bonde hilo. Vyumba vinakwisha na watu wanapanga sebule za wenyeji. Sebule hizo ndizo hoteli ya kweli ya Luapula, na fedha yake yote inabaki kwa mwenye nyumba.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Upande wa Zambia lugha ya sokoni ni Kibemba na ndugu zake. Ukivuka ziwa hadi Kilwa au Pweto unaingia kwenye Kiswahili cha Katanga, chenye ladha yake lakini kinachoeleweka na mtu wa Kigoma. Msafiri anayetoka Sumbawanga, akavuka mpaka kwenda Mbala na kushuka Kawambwa, anaweza kuzunguka ziwa zima bila Kiingereza.

Umeme au maji yanayoporomoka

Mgogoro mzito zaidi hauko ufukweni. Uko Kalungwishi. Kwa miaka mingi kumekuwa na mpango wa kuzalisha megawati 247 kwenye mto huo kwa mitambo miwili, mmoja Kabwelume na mwingine Kundabwika, poromoko la chini zaidi lenye michoro ya kale ya miambani jirani yake. Mkataba ulipewa kampuni ya Lunzua Power Authority, na mradi umekuwa ukisogea na kusimama.

Zamani ilikuwa rahisi kuwabeza wenye mradi. Tangu mwaka 2024 si rahisi tena. Februari mwaka huo Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Maji ya Bwawa la Kariba yakapungua vibaya, na nchi inayotegemea maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake ikaingia gizani kwa saa nyingi kila siku. Vinyozi walifunga, mashine za kusaga zilisimama, samaki walioza kwenye majokofu. Wenye kutetea mitambo ya Kalungwishi wanasema mvua za kaskazini ni za uhakika kuliko za bonde la Zambezi, na kwamba hoteli bila umeme ni kibanda. Wana haki.

Wenye kutetea maporomoko nao wanasema mtambo hauhitaji kubomoa mwamba ili kuua mandhari. Inatosha kuyachepusha maji. Kabwelume wakati wa kiangazi, maji yakipitishwa kwenye bomba, litakuwa jabali lenye ukungu wa kumbukumbu. Nao wana haki.

Kuna mahali pa kujifunzia. Chishimba, karibu na Kasama, ni poromoko la urithi wa taifa na papo hapo lina mtambo wa umeme, uliopanuliwa hadi megawati 15. Watu huenda kuomba, kupiga picha na kula ubwabwa wa pikiniki huku sehemu ya mto ikipita kwenye mashine. Megawati 15 na 247 si ndugu, najua. Ila Chishimba inaonyesha kwamba swali la maana ni kiasi gani cha maji kitaachwa kiporomoke, miezi gani, na nani mwenye ufunguo wa lango. Swali hilo huandikwa kwenye mkataba kabla ya saruji kumwagwa. Baada ya hapo ni malalamiko tu.

Kapu la udongo

Ardhi ya ufukweni Chienge na Nchelenge, kwa sehemu kubwa, ni ya kimila. Iko chini ya machifu, Puta wa Wabwile akiwa mmoja wao. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995 inaruhusu ardhi hiyo igeuzwe kuwa ya hati, ya miaka 99, chifu akiridhia. Njia ni ya upande mmoja: ikishatoka kwenye mila haijulikani kurudi.

Ufuo mzuri kwa hoteli ni uleule mzuri kwa kuanikia chisense: mpana, wenye mchanga safi na upepo. Mgeni aliyelipa chumba hataki harufu ya dagaa. Mama anayeanika hataki uzio. Kwenye vijiji vya pwani yetu tumeuona mwisho wa mabishano hayo mara nyingi, na aghalabu uzio ndio hushinda, mitumbwi ikahamishiwa kwenye mawe.

Mwata na machifu wana uwezo wa kuweka sharti mapema, kwamba ufuo wa kuanikia ubaki wa kuanikia na hoteli zisogee juu kidogo, penye mwinuko, ambako hata mbu ni wachache. Mbu si jambo la pembeni. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria kali kuliko zote Zambia, na wodi za Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo pale Kashikishi zinaijua hesabu hiyo vizuri. Kipindupindu nacho kimewahi kuzuka kwenye kambi za uvuvi zisizo na vyoo. Kisha kuna jirani: Desemba 2000 vita vya Congo viliifikia Pweto na maelfu wakakimbilia Zambia. Agosti 2017 walikuja wengine, na Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa Nchelenge, yakapokea zaidi ya watu 10,000.

Wakala wa safari wa Ulaya akisoma hayo atafunga kabrasha. Mfanyabiashara wa Kitwe anayajua yote na bado anakuja, kwa sababu hapa ana biashara na pengine ana shangazi.

Fedha ya jimbo

Kwa hiyo ningeanza na mfanyabiashara huyo. Chumba safi chenye chandarua, bafu lenye maji, choo ambacho mtu haogopi kukitumia usiku, gati lenye paa pale anaposubiri boti ya Kisiwa cha Kilwa au Isokwe, ghala la kufungia magunia ili aweze kutoka kwenda kula. Vitu hivi havina mvuto wa kipeperushi. Lakini mtu mwenye mzigo uliofungiwa mahali salama anaweza kukaa siku ya pili, na wa siku ya pili ndiye anayekodi gari kwenda kuyaona maporomoko ya Lumangwe.

Gharama yake haihitaji mfadhili wa nje. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ambao mpaka mwaka 2021 ulikuwa kwacha milioni 1.6 kwa kila jimbo, ulipandishwa mwaka 2022 hadi milioni 25.7, na mwaka 2025 ukafika milioni 36.1. Fedha hizo hujenga madarasa, zahanati na madawati, na vikundi vya vijana na wanawake hupewa mikopo humo. Gati na choo cha stendi vinaingia kwenye mfuko huohuo, kama kamati za kata zitaviona kuwa ni uchumi.

Tatizo la pili ni kalenda. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wazaliane. Mantiki yake ni mpumbu yuleyule wa miaka ya 1940. Kwa miezi mitatu soko la Kashikishi hunyong'onyea, huku malalamiko ya miaka mingi yakiendelea kwamba ng'ambo ya maji, chini ya sheria za nchi nyingine, nyavu hazipumziki. Ni miezi ya mvua na barabara mbovu, kwa hiyo anayeahidi kwamba utalii utaziba pengo hilo anaahidi asichokiweza. Maporomoko hujaa baadaye, kuanzia Machi hadi Mei. Mutomboko ni Julai.

Lakini ukifuatilia kalenda hiyo kwa makini kuna usiku mmoja ambao haumhitaji mtalii wa Ulaya wala tangazo la serikali. Marufuku huisha na Februari. Anayetaka gunia la kwanza la msimu, likiwa bado ghali na soko la Kitwe limelikosa kwa miezi mitatu, hawezi kufika tarehe 1 Machi mchana. Lazima awe ameshafika jana yake, fedha mfukoni, na usiku huo lazima alale mahali.